Jamaa aliyetoroka na shemeji wa Wellington

Wapendwa wangu mambo vipi, leo nipo Anglesey huku kaskazini mwa Wales, upepo ni balaa so sauti ikikatika mnivumilie. Oneni hiyo nguzo, kama mita 27 hivi, na yule wa shaba kule juu ndo stori yetu, Henry Paget, Marquess of Anglesey, marquess ni cheo kikubwa cha kibwanyenye cha Uingereza.

Kazaliwa 1768 kwenye ukoo wa mapesa, akaingia bungeni kijana kabisa, ila kwenye farasi jamani alikuwa moto, 1808 kule Hispania aliwatandika Wafaransa wa Napoleon kwenye mji wa Sahagún, akawatandika tena kule Benavente. Sasa 1809, mtu ana mke na watoto 8, si akatoroka na Charlotte! Na Charlotte ni mke wa mdogo wake Wellington, yule jenerali maarufu wa Uingereza aliyemshinda Napoleon. London nzima ikawaka, kaka wa Charlotte akamtaka wapigane bastola, wakapigana, bahati hakuna aliyeumia. Basi vita vya Hispania vikaendelea miaka na miaka, Wellington ndo mkuu, na kamanda mkali wa farasi kakaa nyumbani maana nani angewaweka kambi moja?

Wakaja kukutana 1815 Waterloo kule Ubelgiji, kwenye vita vya mwisho na Napoleon, Paget kapewa wapanda farasi wote. Mchana akaongoza shambulio lililowasambaratisha askari wa miguu wa Ufaransa, jioni mzinga ukamchana goti la kulia. Mguu ukakatwa bila ganzi, ganzi yenyewe bado haijavumbuliwa, na inasimuliwa alichosema ni kwamba visu ni butu kidogo. Mwenye nyumba alikokatiwa akauzika ule mguu bustanini kwake akaweka na jiwe la kaburi, watu wakawa wanakuja kutalii, wanatalii mguu jamani! Serikali ikataka kumpa pensheni ya pauni 1,200 kwa mwaka akaikataa, akatengenezewa mguu wa mbao unaokunja goti na kifundo.

Umarquess alipewa baada ya Waterloo. 1828 akapelekwa Ireland kumwakilisha mfalme, enzi hizo Mkatoliki haruhusiwi kukaa bungeni, yeye akaanza kuwatetea waziwazi. Na waziri mkuu wakati huo nani? Wellington! Akamrudisha nyumbani mapema 1829, halafu Aprili hiyohiyo serikali ya Wellington ikapitisha sheria ya kuwaruhusu Wakatoliki. Hapo mi nasema jamaa alionewa. 1830 akarudishwa Ireland, ila safari hii akagombana na O'Connell, kinara wa Wakatoliki wenyewe.

Lakini ile ya Charlotte bado inanisumbua, mimi ningekuwa Wellington pale Waterloo hata punda nisingempa.