Tuuguzane kabla ya kuzikana

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, asalaam alaykum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi. Namshukuru mwenyekiti kwa nafasi hii, na akina mama wa jikoni ambao harufu ya pilau yao imenipokea tangu getini. Nitajitahidi nisiwacheleweshe sana.

Mwenyekiti alinipa katiba za vikundi vyenu vya kufa na kuzikana nizisome kabla ya kuja. Nimezisoma, na nawapongeza. Mwanachama akifariki, kikundi kinatoa sanda au jeneza, turubai na viti, mchele, mafuta, kuni, na nauli ya kusafirisha mwili kama kwao ni mbali. Faini ya asiyefika msibani imeandikwa. Kikundi kimoja kimeandika hadi nani anashika daftari la rambirambi na nani anapika chai ya usiku kwa waliolala msibani. Nikaanza kutafuta neno "mgonjwa". Katika katiba nyingi halimo. Katika moja limo, kwenye kifungu kinachosema mwanachama mgonjwa asamehewe faini ya kuchelewesha ada. [Kicheko]

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa. Tunawahudumia watu wenye maradhi yasiyopona, mara nyingi saratani, na tunawahudumia majumbani kwao kadiri inavyowezekana, pamoja na jamaa zao. Kwa hiyo mimi nafika kwenye ile nyumba wiki nyingi kabla ninyi hamjafika na turubai. Na ninayoyaona huko ndiyo yaliyonileta hapa. Msiba tunaumudu vizuri kuliko watu wengi duniani. Anayekufa ndiye anayetushinda.

Nianze na maumivu, maana mtu anayeumia hasikii mawaidha ya mtu. Saratani ikishasambaa inauma kwa namna ambayo Panadol haiigusi. Dawa yake ipo, tena ya zamani: mofini. Ipo ya maji, mgonjwa anakunywa kipimo alichoandikiwa kila baada ya saa nne, na kipimo cha kulalia mara nyingi huandikwa maradufu ili usiku asiamshwe. Hatungoji maumivu yarudi ndipo tumpe. Tunatoa kwa saa. Aliyelisimamia hilo mpaka madaktari wakakubali ni mama mmoja wa Uingereza, Cicely Saunders. Alianza kama muuguzi, akafanya kazi ya ustawi wa jamii, akaishia kusomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua jijini London nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa. Alifundisha pia kwamba maumivu ya mtu wa namna hiyo ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya imani kwa pamoja. Huku kwetu ongezeni na ada ya shule ya mtoto wa mwisho, ambayo nimeona ikimnyima mtu usingizi kuliko uvimbe wenyewe.

Majirani zetu wa Uganda walilivalia njuga jambo hili mapema. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Mofini wakawa wanaichanganya wenyewe kutokana na unga, wakaitia rangi ili hata asiyejua kusoma ajue ipi nyepesi na ipi kali. Mwaka 2004 sheria yao ikabadilishwa, na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba hii wakaruhusiwa kuiandika, wasingoje daktari ambaye kijijini hayupo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila watu 100 duniani wanaohitaji huduma hii, wanaoipata ni kama 14 tu. Wengi wa waliokosa wako katika nchi kama hizi zetu.

Lakini hata chupa ikifika nyumbani, tunaiogopa. Naulizwa: "Nesi, hiyo si ndiyo dawa ya kumalizia?" Inaitwa hivyo kwa sababu tunaichelewesha. Mtu anaumia miezi, anaanzishiwa wiki ya mwisho, siku ya tatu anafariki, na chupa iko pale dirishani kama shahidi wa kesi. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimharakishi mtu. Nimeona waliolala vizuri usiku wa kwanza, asubuhi wakaomba chapati. Wengine wanahofia mgonjwa atakuwa teja. Hofu ya uteja isimnyime dawa mtu ambaye maumivu yake tunayajua na kipimo chake tunakisimamia. Kinachotakiwa kuwasumbua ni choo. Usingizi na kichefuchefu cha siku za mwanzo hupita, lakini kufunga choo hakupiti, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile na mofini. Na chupa ifungiwe. Asipewe mtu mwingine hata kama naye anaumwa mgongo.

Sasa nije kwenye lililo gumu zaidi, ambalo halina chupa.

Nafika nyumbani kwa mgonjwa, binti yake ananikimbilia nje, ananong'ona: "Nesi, humo ndani usitaje saratani, atakata tamaa." Naingia. Mama yuko kwenye godoro, ananiomba nifunge mlango. "Nesi, wanangu wasijue kama nimeshajua. Watalia." Nyumba nzima inaigiza. Nje wanasema atapona, ndani anasema najisikia nafuu, na wageni wanaletewa soda. Huku shamba linauzwa nusu bei apelekwe kwa mganga ambaye mgonjwa mwenyewe hamwamini, ila anaona aibu kuwakatalia wanawe. Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wazee, na kilio kikija ndipo watu wanaanza kuulizana: alikuwa anadaiwa na nani, hati iko wapi, alitaka azikwe wapi. Mwenye majibu alikuwa chumba cha pili, mwezi mzima, akili yake timamu.

Niwasimulie mzee mmoja. Nitabadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Mngoni, saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye uti wa mgongo. Watoto wake wote watu wazima, wawili wana digrii, hakuna aliyethubutu kumwuliza neno. Siku hiyo nikiwa nafunga dawa zangu akaingia mtani wake, Mhehe, fundi baiskeli, hata viatu hajavua. "Wee Mngoni, nasikia unaondoka. Lile koti jeusi unamwachia nani? Mimi nimekuja kulichukua kabisa, sitaki baadaye kugombana na mjane." Mabinti wakasimama wamtoe nje. Mzee alicheka mpaka ikabidi nimwinue akohoe. Alipopata pumzi akasema: "Koti chukua. Lakini mnizike hapahapa, msinipeleke Songea. Mabasi yenu yatawafilisi hawa watoto." Kisha akamgeukia mwanawe mkubwa na kumtajia kiwanja ambacho karatasi zake zilikuwa kwa jirani. Mtoto hakuwa na habari kama kipo. Jambo lililowashinda wote tangu kutoka hospitali lilimalizika kabla ya chai kuletwa.

Mnajua wenyewe kazi ya mtani msibani. Anavaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake, anashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na mjane aliyekuwa hajala tangu jana anajikuta anacheka. Wangoni na Wahehe, Wazaramo na Wanyamwezi, watu waliopigana au waliopitiana njiani na misafara, waliachiana ruhusa ya kuambiana ambayo ndugu wa damu hawawezi kuambiana. Ruhusa hiyo tunaitumia mtu akishafungwa sanda! Mimi naona mtani aitwe mapema. Si kila mgonjwa atataka, mwulizeni kwanza. Asiye na mtani ana mjukuu. Babu na mjukuu nao hutaniana, na mara nyingi mjukuu ndiye wa kwanza kuambiwa ukweli.

Na sisemi mtu atangaziwe kifo chake. Mtu aulizwe. "Huu ugonjwa wewe mwenyewe unauonaje?" Halafu unyamaze. "Kuna jambo linakukosesha usingizi?" Unyamaze tena. Watu wetu wa kutembelea wagonjwa wana maneno mengi mno. Anaingia, anasali dakika ishirini, anatoa ushuhuda wa jirani aliyepona, anaondoka. Mgonjwa hakupata nafasi ya kusema hata kwamba mto umemuumiza shingo.

Zile siku za mwisho kabisa nizieleze kidogo, kwa sababu anayeuguza asipojua anaogopa, na akiogopa anamkimbiza mgonjwa hospitali kwenye bodaboda, na mtu anakata roho njiani.

Mgonjwa anaacha kula. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Shangazi anakuja na kikombe cha uji, anamwinua kichwa, kijiko kinagonga meno, uji unashuka kidevuni, mwingine unaingia njia ya hewa na kuamsha kikohozi. Shangazi anampenda, hakuna ubishi. Lakini mwili unaojifunga haudai chakula. Hafi kwa sababu hali, hali kwa sababu anakufa. Lowesheni pamba safi kwa maji, mpanguse midomo na ulimi, mpake mafuta kidogo midomo isipasuke. Kazi hiyo mpeni shangazi, mikono yake inahitaji cha kufanya. Miguu itakuwa ya baridi na rangi itabadilika. Pumzi itakatika, itarudi, itakatika tena. Kooni patakuwa na mkoromo unaotutesa sisi tunaousikia kuliko yeye. Mlazeni ubavu, kichwa kiinuke kidogo.

Na semeni naye. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa karibu kufa na hawaitiki tena, na kwa baadhi yao ubongo ulikuwa bado unapokea sauti. Kama walielewa, kipimo hakikusema. Kwangu mimi inatosha kuwaomba msijadili shamba juu ya kichwa chake. Anayesoma Yasini asome, anayemtamkia shahada amtamkie taratibu bila kumkaripia. Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa ni wa wagonjwa. Mwiteni padri mtu angali anaweza kuitikia amina.

Akishafariki mnafanya vizuri, sitawafundisha. Ila acheni "jikaze, wewe ni mwanaume". Mtume Muhammad alitokwa na machozi kwa mwanawe Ibrahim, na Yesu alilia kwa Lazaro. Mama aliyepoteza mtoto tumboni msimwambie "utapata mwingine"; huyu ndiye aliyekuwa anamtaka. Na mtoto mdogo asiambiwe baba amesafiri. Nimemwona mmoja akikimbilia dirishani kila bajaji ikisimama. Mwambieni amekufa, hatarudi, na kwamba si kosa lake. Atauliza tena kesho, mjibuni tena vilevile.

Wapo waliosoma wanaowapangia wafiwa hatua tano: sasa uko kwenye kukataa, sasa kwenye hasira. Elisabeth Kübler-Ross alipoandika hayo mwaka 1969 alikuwa amezungumza na wagonjwa wanaokufa huko Chicago, hakuwa anawawekea waliofiwa ratiba. Mjane mmoja anacheka Jumatatu na kugalagala Alhamisi, na hana tatizo lolote.

Tatizo ni kwamba siku ya tatu turubai linaondoka. Matanga yakianuliwa, kila mtu kwake. Mwislamu ana eda, miezi minne na siku kumi, muda ambao kila mtu anajua yuko msibani, lakini hesabuni ni wangapi wanaopiga hodi mwezi wa pili. Ndio mwezi huo anahangaikia cheti cha kifo RITA, mahakama inataka cheti, shemeji anataka pikipiki ya marehemu, na usiku anageukia upande ambao hakuna mtu. Anayemsindikiza kwenda mahakamani anamfaa kuliko aliyeleta gunia la mchele siku ya mazishi.

Sasa najua mweka hazina ameshaanza kupiga hesabu. Fedha inayotakiwa si nyingi: nauli ya kufuata dawa, sabuni, glovu, nepi za wakubwa. Kinachotakiwa zaidi ni zamu. Binti anayemuuguza mama yake halali. Mkimpokea usiku mmoja kwa wiki, wanachama wawili wawili kama mnavyokesha msibani, mtakuwa mmewatibu watu wawili. Na zamu hizo ziendelee baada ya arobaini, angalau mtu mmoja kwa wiki kumjulia hali mfiwa.

Nimeandika rasimu ya kifungu, ina sentensi mbili, katibu anayo. Mkipenda muijadili baada ya chakula, na faini ya asiyefika zamu mpange wenyewe, mna uzoefu. Mimi nipo mpaka saa tisa. Mwenye mgonjwa nyumbani na anataka kuuliza habari za dozi anifuate pale chini ya mwembe mmoja mmoja, mambo ya mgonjwa wa mtu tusiyaseme kwenye kipaza sauti.