Kibodi ya Zamani, Adapta na Kitufe Kisichotii

Ndugu mafundi na wapiga taipu wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie tatizo ambalo wengi wenu hapa Kampala mmekwisha kukutana nalo: kibodi ya zamani yenye plagi ya duara, iliyochomekwa kwenye tundu la USB kwa adapta, inaandika herufi zote sawasawa, lakini ukikipa kitufe kimoja kazi nyingine, kompyuta haitii.

Kibodi yangu ni IBM Model M, aina iliyoanza kutolewa mwaka 1985, yenye vitufe 101. Alt yake ya kulia ilikufa, nami naihitaji kila siku kwa Kiganda, kwa kuwa katika mpangilio wa kibodi wa Uingereza kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, kitufe hicho pamoja na g ndicho hutoa ŋ, herufi ambayo sikubali kuiandika vingine. Niliamua Caps Lock ifanye kazi ya Alt hiyo, na sheria niliyoiandika, yaani maagizo ya kuiambia Linux kitufe kifanye kazi gani, ilitii miaka yote katika tundu la PS/2, lile la duara la zamani. Nilipohamia kompyuta isiyo na tundu hilo, ikanyamaza.

Adapta ni za namna mbili. Ile ya nyaya tupu haitafsiri chochote, na Model M haijui USB, kwa hiyo hamtapata hata herufi moja. Ikiwa herufi zinatoka, basi ndani ya adapta mna chipu, na kisa chote kimo humo. Chipu hiyo hupokea kutoka kwenye kibodi msimbo 58, yaani Caps Lock imebonyezwa, kisha huipa kompyuta msimbo mwingine, 39, ule wa USB. Linux, ambayo katika tundu la zamani ilikitambua kitufe hicho kwa 3a, sasa inakitambua kwa 70039, yaani 39 hiyo hiyo ikitanguliwa na alama ya kibodi za USB, tena inaona jina na namba za adapta, wala haijui kwamba nyuma yake kuna Model M. Sheria yangu ilikuwa inamwita mtu aliyekwisha kuhama.

Kwa hiyo msiguse sheria kabla ya kufungua evtest, programu inayoonyesha jina la kila kitufe kinachobonyezwa, na kubonyeza kitufe chenyewe. Adapta nyingi hujitokeza mara mbili, kama kibodi na kama kipanya. Chagueni ile ya kibodi. Pasipotokea chochote, ubovu uko kwenye kitufe au adapta, na hakuna sheria itakayoutibu. Likitokea jina jipya la kitufe mlilolitaka lakini ŋ haiji, kosa liko kwenye mpangilio wa lugha. Likitokea jina la zamani, hapo ndipo sheria ina kosa: iandikeni katika faili ndani ya folda ya /etc/udev/hwdb.d kwa namba za adapta, na mstari wa KEYBOARD_KEY_70039=rightalt uanze kwa nafasi, kwani nafasi hiyo moja ikikosekana sheria haisomwi. Kisha, ili Linux iisome sheria upya, endesheni amri ya systemd-hwdb update, halafu udevadm trigger.

Jambo moja linawahusu hasa mnaofanya kazi katika maduka ya uchapaji ya Nasser Road, ambako vifaa hupita mikono mingi. Sheria hii imefungwa kwenye adapta, kwa hiyo mwenzako akichomeka kibodi yake kwenye adapta hiyo hiyo katika kompyuta hiyo, Caps Lock yake nayo itageuka Alt. Ndiyo maana utepe wenye maelezo nimeubandika kwenye adapta, kibodi nikaiacha ilivyo.