Clive Sullivan, winga aliyecheza Simba na Yanga za Hull

Habari za nyumbani, wapendwa! Leo nipo hapa Hull, kaskazini mwa Uingereza, chini ya daraja la Humber. Gari nimeegesha, jamani, msianze kuniandikia kwenye komenti eti narekodi huku naendesha. Huo nyuma yangu ndio mto, rangi ya chai ya maziwa kiangazi na baridi.

Barabara ya kutoka hapa kuingia mjini naipita kila nikienda shifti. Kibao kimeandikwa Clive Sullivan Way. Mwaka mzima nilidhani huyo ni meya fulani wa zamani. Kumbe winga wa raga, tena mweusi mwenzetu!

Na siyo raga ile ya Wakenya ya wachezaji saba. Hii inaitwa raga ya ligi, watu 13 kila upande, mchezo wa watu wa viwandani na bandarini huku kaskazini. Winga anakaa pembeni, akipata mpira ni mbio tu mpaka auguse chini nyuma ya mstari. Hiyo ndiyo trai.

Sullivan alizaliwa Cardiff, Wales, 1943. Utotoni alipasuliwa miguu, madaktari wakawa na shaka kama atatembea sawasawa. Huyohuyo akaja kuifungia Hull FC trai 250! Mwaka 1972 akawa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza, mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho katika mchezo wowote mkubwa nchini humu. Fainali ya Kombe la Dunia, Lyon, dhidi ya Australia: akaudaka mpira upande wa Waingereza, akakimbia karibu uwanja mzima, trai. Mechi ikaisha 10–10 hata baada ya muda wa nyongeza, kombe wakapewa Waingereza kwa matokeo ya mechi za mwanzo. Hawajalibeba tena mpaka leo.

Lakini mimi kinachonishangaza siyo kombe. Mji huu una timu mbili. Magharibi Hull FC, nyeusi na nyeupe. Mashariki Hull KR, nyekundu na nyeupe, kama wekundu wa Msimbazi vile. Mnaelewa naelekea wapi. Mwaka 1974 Sullivan alivuka akaenda kwa wekundu, akafunga trai nyingine 118. Mwaka 1980 timu hizo zikakutana fainali ya Challenge Cup, kombe la raga ya ligi la humu nchini, uwanjani Wembley, naye yumo upande wa wekundu, wakawapiga Hull FC 10–5. Hebu fikiria mchezaji wa Yanga afanye hivyo halafu arudi Jangwani! Yeye alirudi, na 1982, akiwa na miaka 39, akabeba kombe hilohilo na Hull FC.

Saratani ilimchukua 1985, ana miaka 42 tu. Barabara ikapewa jina lake.

Kuna mzee ninayemhudumia kazini, Hull FC damu, chai kwenye kikombe chekundu hanywi. Nikamuuliza, babu, huyu Sullivan si aliwafunga akiwa na wekundu? Akaanza kunionyesha kwa mkono jinsi alivyokuwa akimkwepa mtu, bega hivi, kiuno hivi, nusura adondoke kitini. Nikamshika. Akasema nimletee chai, na kikombe niangalie.