Uamuzi Usifie Njiani

Ndugu viongozi, na ninyi mnaojiandaa kushika uongozi, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie mkuu wa ofisi ya kiongozi, yule ambaye jeshini huitwa mnadhimu mkuu. Ninachoamini nakisema mapema: maamuzi mazuri yamejaa katika taasisi zetu. Mtu wa kuyafuatilia mpaka yawe kazi ndiye adimu.

Chukueni kikao cha kawaida. Mkurugenzi anasema, "Hili la malalamiko ya wateja tulimalize haraka." Wote wanatikisa kichwa. Mkuu wa fedha anatoka akijua ni baada ya bajeti mpya. Mkuu wa huduma anajua ni wiki hii. Wa mifumo ya kompyuta anaona halimhusu kabisa. Hakuna mzembe hata mmoja hapo, na bado jambo limeshaanza kufa.

Mkuu wa ofisi anayeijua kazi yake haondoki chumbani. Anabaki na mkurugenzi dakika chache, anauliza: mwenye jukumu hili ni nani hasa? Mwisho lini? Fedha zinatoka fungu gani? Wakikwama, suala linarudi kwako au wanalimaliza wenyewe? Anaandika nusu ukurasa, na kabla ya jioni wote watatu wana karatasi ileile. Wiki inayofuata anapiga simu kuuliza wamekwama wapi. Wapo watakaoiita kazi ya ukarani. Mimi naiheshimu sana, kwa sababu nimeona mipango mizuri ikioza kwa kukosa nusu ukurasa kama huo.

Tazameni Napoleon, jemadari aliyeitawala Ufaransa. Tangu vita vya Italia vya mwaka 1796 hadi alipong'olewa madarakani mwaka 1814, mnadhimu wake alikuwa Louis-Alexandre Berthier. Napoleon alitoa maagizo kwa kasi. Berthier akayageuza kuwa amri zinazoeleweka: kikosi gani, kipite wapi, kifike lini. Napoleon aliporudi madarakani mwaka 1815, Berthier hakuwapo, na nafasi yake akapewa Soult, jemadari hodari wa uwanja wa vita. Katika siku zile zilizoishia Waterloo, Napoleon aliposhindwa moja kwa moja, baadhi ya amri zilichelewa, nyingine hazikueleweka. Kushindwa kule kulikuwa na sababu nyingi, sisemi ni hiyo peke yake. Lakini wakurugenzi wanaomchukua meneja wao bora wa mauzo na kumkalisha kwenye kiti hiki wamfikirie Soult. Uhodari wa kuongoza kikosi chako ni kitu kimoja. Uhodari wa kuunganisha vikosi vya wenzako ni kingine.

Marekani nako kuna la kujifunza. Rais Jimmy Carter aliingia Ikulu mwaka 1977 bila mkuu wa wafanyakazi, ndilo jina la mkuu wa ofisi ya rais huko. Gerald Ford, aliyemtangulia, alikuwa amejaribu utaratibu unaofanana na huo mwaka 1974 akauacha upesi. Carter aliendelea hivyo mpaka Julai 1979 alipomteua Hamilton Jordan. Nia yao ilikuwa njema, kwamba kiongozi afikiwe na wasaidizi wake wote. Shida ni kwamba pasipo mtu wa kuchuja, dogo na kubwa yote hutua mezani kwake, na anayemwona mwisho ndiye anayeshinda hoja.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, mama, swali zuri: je, mtu huyu hatageuka kuwa ukuta? Anaweza, na hapo ndipo penye hatari kubwa. H. R. Haldeman, mkuu wa ofisi ya Rais Nixon wa Marekani, aliipanga ofisi hiyo kwa nidhamu kali, na akaishia gerezani kwa kushiriki kuficha kashfa ya Watergate, ya kuvunja na kupeleleza ofisi za chama pinzani. Ofisi iliyopangika vizuri huficha uovu kwa ufanisi uleule inaotendea mema. Kwa hiyo msitafute mtiifu tu. Tafuteni mtu atakayefunga mlango na kusema, "Mkurugenzi, hili hapana, na sababu ni hizi."

Kipimo changu ni dokezo analompelekea bosi. Lisomeni. Kama kuna idara iliyopinga pendekezo, je, hoja yao imeandikwa kwa nguvu ambayo wao wenyewe wangeikubali? Ikiwa imefupishwa kuwa "idara ya fedha ina wasiwasi kidogo", huyo anaanza kumwamulia bosi wake. Dalili ya pili ni maneno "mkurugenzi amesema" yanapotumika pale ambapo mkurugenzi hajasema. Mtu huyu hana idara wala bajeti kubwa. Mamlaka yote aliyonayo ameazimwa. Akiyatumia vibaya mara moja, wenzake hawamwamini tena.

Je, kila taasisi inamhitaji? Hapana. Penye watu ishirini wanaoonana kila siku, katibu muhtasi makini na kikao kifupi cha asubuhi vinatosha. Anahitajika pale idara zinapokuwa nyingi kiasi kwamba masuala yanayozigusa zote yanakosa mwenyewe. Naye naibu mkurugenzi msimchanganye naye: naibu anashika nafasi bosi akisafiri, huyu hashiki.

Ukishamwajiri, wiki ya kwanza kaeni wawili mwandike mambo matatu: anayoweza kuamua peke yake, anayoamua kisha akakuarifu, na yale asiyoyagusa kabisa. Nakala wapeni wakuu wote wa idara. Na mpangieni muda wa kukuona faragha kila wiki, muda ambao hauahirishwi kwa sababu ya mgeni yeyote.