Kumwondolea Mtoto Chakula ni Nusu ya Kazi

Habari za jioni, wazazi, walezi, na wenzangu wa afya mliojibanza kule nyuma.

Nimeombwa nizungumzie lishe ya kuondoa vyakula kwa watoto: je, inasaidia, na ni salama? Nianze na jibu litakalowaudhi baadhi yenu. Lishe hii ni kipimo. Unaondoa chakula unachokishuku kuwa kinamdhuru mtoto, mara nyingi kwa wiki mbili hadi nne, unaandika dalili kwenye daftari, halafu unakirudisha. Dalili zikipungua ulipokiondoa na zikaja tena ulipokirudisha, una ushahidi mkononi. Wengi wetu tunaishia katikati. Upele umepungua, tumeshangilia, maziwa yamepigwa marufuku nyumbani, basi. Lakini pumu ya ngozi hupanda na kushuka yenyewe, na mzazi huanza kuondoa vyakula pale hali inapokuwa mbaya kabisa. Wiki hiyo hata ungemnyang'anya mtoto soksi za bluu, huenda ngozi ingetulia.

Niwape kisa cha Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945. Wajerumani wamebana chakula kisifike magharibi mwa nchi, watu wanakula hadi vitunguu vya maua ya tulipu. Daktari wa watoto Willem Karel Dicke, aliyekuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita, anaona jambo la ajabu: watoto wenye ugonjwa wa seliaki, wale wa kuharisha na kukonda, wanapata nafuu katikati ya njaa. Mkate haupo. Kisha misaada inaingia, mkate unarudi mezani, na watoto wanaanza kuumwa tena. Nafuu peke yake ungeweza kuieleza kwa njia nyingi. Ugonjwa kurudi pamoja na mkate, hapo ndipo hoja iliposimama, na mwaka 1950 akaiandikia tasnifu.

Kwa hiyo kwa seliaki, kuacha gluteni, yaani protini ya ngano na jamii zake, ndiyo tiba, ya maisha. Ila sikilizeni hapa: usimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua gluteni ikiondoka. Ukimkatia ngano mwezi mzima ndipo umlete kliniki, kipimo kinaweza kusoma safi na mtoto ana ugonjwa. Itabidi tumrudishie kile kile kinachomuumiza ili tumpime.

Kuna pia uvimbe wa koo la chakula unaosababishwa na mzio, ambapo kuondoa maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na jamii zake, samaki na viumbe wengine wa baharini huwatuliza watoto wengi. Huko nako chakula hurudishwa kimoja kimoja, na koo hukaguliwa kwa kamera.

Kuhusu utundu uliopitiliza, nitapita haraka. Utafiti wa Southampton, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba baadhi ya rangi za vyakula pamoja na kihifadhi aina ya benzoeti huongeza utundu kidogo kwa baadhi ya watoto, na tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi hizo vibandikwe onyo. Kuacha peremende za rangi hakumpotezei mtoto kitu. Kumbakiza na vyakula vitano tu ni habari nyingine kabisa.

Sasa hatari. Ya kwanza mnaijua: mtoto anakua, na maziwa yakiondoka, protini, kalisi na iodini zinaondoka nayo. Kinywaji cha mchele ni cheupe kama maziwa, basi. Protini yake ni kidogo mno. Madaktari Marekani wameandika kuhusu watoto waliopata kwashiakoo katika nyumba zisizo na shida ya chakula, kwa sababu kinywaji hicho kilichukua nafasi ya maziwa.

Ya pili ndiyo inayonitisha zaidi. Mwili wa mtoto hujifunza kukivumilia chakula kwa kukila. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto Marekani kilishauri watoto walio katika hatari ya mzio wasipewe karanga mpaka miaka mitatu. Mwaka 2008 kikaachana na ushauri huo. Kisha mwaka 2015 yakatoka matokeo ya utafiti wa LEAP nchini Uingereza: watoto wachanga 640 wenye pumu kali ya ngozi, mzio wa mayai, au vyote viwili. Walipofika miaka mitano, waliokatazwa karanga asilimia 17.2 walikuwa na mzio wake. Waliolishwa tangu uchanga, asilimia 3.2. Na wapo watoto wa pumu ya ngozi waliokuwa wakinywa maziwa bila shida ya haraka, wakaachishwa muda mrefu, na waliporudishiwa wakavimba na kubanwa pumzi.

Na vile vipimo vya damu vya IgG, aina ya kingamwili, vinavyouzwa na orodha ndefu ya vyakula vya kuacha? Vinaonyesha mtoto amekula nini, si kinachomdhuru. Okoeni pesa zenu.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: "Mwanangu hajagusa maziwa miaka miwili, naogopa kumrudishia. Nianzie wapi?" Anzia kwenye kumbukumbu ya siku ile ya kwanza. Kama alivimba midomo, akatoka mabaka ndani ya dakika chache, akakohoa au akalegea, usijaribu nyumbani hata tone; hiyo ni kazi ya hospitali, adrenalini, dawa ya dharura ya mzio, ikiwa karibu. Kama ilikuwa tumbo au ngozi, tena baada ya saa nyingi, bado mwone daktari kwanza, hasa kama ana pumu ya ngozi. Akiridhika, atakupangia ngazi: biskuti yenye maziwa kidogo, maana joto la oveni hubadilisha protini yake, kisha vyakula vyenye maziwa zaidi, na mwisho maziwa yenyewe. Watoto wengi huacha mzio wa maziwa kabla ya kuanza shule, kwa hiyo huenda wako ameshapona na hamjui. Njoo hapa mbele tukimaliza, na daftari kama unalo.