Kitanda cha kukunja ukutani kwa godoro la 3 kwa 6

Karibuni. Chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 hapa Dar, ukishaweka kitanda na meza ya jiko, pa kupita hapabaki. Kitanda hiki kinapanda kwa ubavu wake mrefu, kwa hiyo kinainuka kama futi 3 na nusu tu, hakihitaji springi, na mtu mmoja anakimudu. Vipimo ni vya godoro la inchi 6.

Chukua paini ya Mafinga iliyokauka vizuri. Mbao mbichi ikikaukia chumbani inapinda, kitanda kinaanza kusugua kasha, yaani boksi la mbao kinamoingia kikikunjwa, na mwisho hakifungi.

Kasha kwanza. Simamisha mbao mbili za inchi 1 kwa 10, kila moja urefu wa inchi 58, zikiachana inchi 76. Rafu ya 1 kwa 10 ikae inchi 16 kutoka sakafuni. Chini ya ukingo wake wa mbele weka 2 kwa 4, na mguu katikati. Funika juu. Gundi na skrubu kila kiungo. Misumari italegea, maana kitanda kinatikiswa kila siku.

Fremu inayobeba godoro, kwa ndani, ni inchi 37 kwa 73. Mbavu ndefu 2 kwa 6, za kichwani na miguuni 1 kwa 6. Chaga 12 za inchi 4 zilale chini kabisa, zikiachana kama inchi 2.

Sasa tazama hapa, ndipo wengi wanapoharibu. Bawaba hazifungwi ukutani! Zinafungwa ukingo wa mbele wa rafu: bawaba 4 za inchi 4, jani moja juu ya rafu, la pili kwenye ubavu wa nyuma wa fremu. Kitanda kikipanda, godoro linarudi nyuma ya bawaba, na fremu na godoro vinakula karibu inchi 8. Ukifunga ukutani, godoro litagota kabla kitanda hakijasimama.

Kasha linasimama sakafuni, ila kitanda kikianza kushuka uzito unalivuta mbele, linaweza kumwangukia mtoto. Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa. Laza 2 kwa 4 juu ya kasha, upande wa ukutani, iskrubu kutokea chini, halafu ifunge ukutani kwa bolti 4 za milimita 10, zile zinazotanuka. Lipu haishiki kitu: hesabu kina kuanzia kwenye tofali, na utoboe katikati ya tofali, si kwenye kiungo. Bolti ikizunguka tupu, tofali ni bovu, hamia jingine.

Miguu miwili ya mbele ikate mwisho, kitanda kikiwa kimeshikiliwa sawa kwa pima maji, kwa sababu sakafu nyingi zina mwinamo. Ifunge kwa bawaba, ifunguke ikielekea nje kidogo.

Komeo za kukishikilia kitanda kikiwa juu ziwe mbili, moja kila upande; ikiwa moja, kona ya pili inajipinda. Godoro lishikwe na mikanda miwili.

Asubuhi usikunje papo hapo. Joto letu linaacha jasho kwenye godoro, na likifungiwa linaota ukungu, hasa masika. Liache wazi nusu saa, feni ikiwaka.