Nyuzi 3 na Kioo Kilichoganda

Habari za jioni, ndugu zangu. Kwanza tuelewane: nikisema vuli leo, sisemi mvua. Nasema majira ya majani kupukutika, ambayo upande wa kaskazini wa dunia huanza usiku unapolingana na mchana, tarehe 22 au 23 Septemba.

Mtu anasoma utabiri wa usiku: anga safi, upepo hafifu, joto nyuzi 3 za Selsiasi. Asubuhi anakuta kioo cha gari kimeshikwa na barafu, anakikwangua huku akimlaani mtabiri. Jamani, mtabiri hakukosea! Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa kivulini, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Kinapima hewa ya usawa wa kifua. Nyasi na kioo, usiku usio na mawingu, humwaga joto lao angani upesi kuliko hewa inayovizunguka. Hewa ikiwa na nyuzi 3, nyasi zinaweza kuwa zimeshashuka chini ya sifuri. Msiniamini mimi, wekeni vipimajoto viwili, kimoja kwenye nyasi, kimoja usawa wa kifua, mkatazame alfajiri.

Na mbona vuli hasa? Usiku umerefuka, ardhi ina unyevu. Hewa ikipoa hadi ishindwe kubeba mvuke wake, utapata umande, au jalidi (ile barafu nyembamba ya kwenye nyasi na vioo), au ukungu, na kinachoamua ni vitu vidogo mno. Upepo ukitulia kabisa, mara nyingi unaishia umande. Ukivuma kidogo tu, ule wa kutikisa jani, ubaridi wa ardhini unasambaa juu kidogo hewani na ukungu unajengeka. Ukizidi hapo, ukungu hausimami. Wingu likipita saa 9 usiku, ardhi imefunikwa blanketi, hesabu zote zimevurugika. Tena hewa baridi ni nzito, huteremkia bondeni, kwa hiyo wa bondeni na wa kilimani husoma utabiri mmoja wakaamkia asubuhi mbili tofauti. Mimi nikisoma “ukungu hapa na pale”, najiuliza kwanza nimelala wapi.

Kazi hii ya kutabiri yenyewe ilisukumwa na dhoruba ya vuli. Oktoba 1859 meli ya Royal Charter ilivunjikia pwani ya Wales, wakafa watu zaidi ya 400. Robert FitzRoy, aliyesimamia idara ya hali ya hewa Uingereza, akaanzisha maonyo ya dhoruba kwa telegrafu, na Agosti 1861 utabiri wake wa kila siku ukaanza kutoka gazetini. Alipokosea walimcheka. Nadhani wengi wao hawakuwahi kukesha wakisubiri wingu moja.

Nilipokuwa naingia humu nimetazama juu. Nyota zote zipo, na bendera ya mlangoni imelala kabisa. Utabiri unasema nyuzi 3. Kioo changu nimeshakifunika.